Mwavuli wa Kampuni Yetu ya Transfoma

Mimi nimewahi kuwa mwenye kampuni ya transfoma. Shule niliiona tu nikipita nje nikipeleka ng'ombe mtoni, lakini kampuni nilikuwa nayo. Si yote, kipande. Na kipande chenyewe kilikuwa kidogo, yaani kama wangekatakata transfoma moja ili kila mtu apate chake, mimi ningebeba nati moja na kutu yake. Lakini cheti kilikuwa na jina langu na muhuri, na nilikiweka chini ya godoro mpaka mama watoto akaanza kulalamika kwamba yeye hakuolewa aje kulala juu ya ofisi.

Hiyo ni miaka ya tisini. Tulikuwa tunakaa Nairobi, mtaa wa Mowlem, kwa ploti ya vyumba kumi na sita na vyoo viwili, na mimi nilikuwa fundi wa kuwaindi mota huko Industrial Area. Kuwaindi ni hivi: mota ya kinu cha kusaga au ya pampu ikiungua, unaifungua, unang'oa waya yote ya zamani iliyogeuka makaa, unahesabu ilikuwa imezunguka mara ngapi, halafu unazungusha mpya kwa mkono, raundi kwa raundi, bila kuruka. Ukiruka, mota inanguruma kama mtu mwenye pumu na baada ya wiki inarudi kwako imekufa kabisa. Nilizungusha waya miaka mingi hadi nikilala vidole vinaendelea na kazi. Kuna asubuhi mama watoto aliamka nywele zimesukwa na hakumbuki msusi.

Kazi kama hiyo haikuangushi mara moja. Inakuchota kidogo kidogo, kama panya kwa gunia la mahindi. Jioni nikitoka Industrial Area kwa miguu, mtu akinisalimia kwa lango la ploti, mimi namuitikia nikiwa nimeshafika kwa kitanda. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa tu nimechoka, na nilikuwa nimezoea kuchoka hivi kwamba siku ya Jumapili nikipumzika nilikuwa nahisi kama nimesahau kitu mahali.

Kwa ploti hiyo tulikuwa na kikundi, watu kumi na wanne, wote wa kutoka magharibi. Hakikuwa kikundi cha kununuliana sufuria. Kilikuwa cha matanga. Sisi mtu wetu akifia Nairobi hazikwi Nairobi. Lazima arudishwe nyumbani, alale kwa boma yake karibu na babake, na hiyo safari ni mochari, ni sanduku, ni gari, ni chakula cha watu ambao utafikiri walikuwa wamefunga mwaka mzima wakikungoja. Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi kila mtu alitoa kitu, na mwenyekiti, mzee mmoja aliyestaafu reli, akapeleka benki. Hiyo pesa haikuguswa. Watu walilala na chai ya rangi na haikuguswa. Tulikuwa tumepanga kufa vizuri kuliko tulivyokuwa tunaishi.

Halafu redio ikaanza maneno ya hisa. Kila ukiwasha, hisa. Kwamba sasa hata mtu wa kawaida anaweza kununua kipande cha kampuni, fomu ziko benki, jaza, lipa, umekuwa tajiri. Mwenyekiti alienda kuweka pesa ya mwezi akarudi na fomu, ameikunja kwa Biblia.

"Pesa yetu imelala pale benki inazeeka kama mimi," akaniambia. "Hapa kuna kampuni ya stima, inatengeneza transfoma. Hawa watu unawajua, fundi?"

"Kuwajua? Mzee, nimewafungua matumbo."

Na ilikuwa kweli. Transfoma za hiyo kampuni zilikuwa zinaletwa kwetu mara moja moja sana, maana hazikuwa zinakufa. Ulikuwa unakuta ndani waya nene kama kidole, imezungushwa imebanana, hata sindano haipiti. Mtu aliyeifanya hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Mimi nilikuwa naifungua na kuvua kofia.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilikuja kwa mkutano na koili ya transfoma yao iliyoungua, nimeifunga kwa gazeti. Nikaiweka juu ya stuli katikati ya watu.

"Hii ilipigwa na radi," nikawaambia. "Radi, si mteja. Ilikuwa imefanya kazi kabla wengine wenu hapa hamjaoa. Sasa angalieni." Nikakwangua ile vanishi nyeusi na msumari, shaba ikatokea nyekundu kama ulimi wa mtoto.

Ikapitishwa mkono kwa mkono. Ilipofika kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Matumbo, kwa sababu kila asubuhi alichukua matumbo ya mbuzi kichinjioni Kiamaiko akaja kuyachemsha na kuyauza hapo kwa lango, yeye hakuiangalia. Aliipima tu kwa kiganja, akifunga macho, vile alikuwa anapima nyama.

"Hii haijatiwa maji," akasema.

Kwake hakukuwa na sifa iliyopita hiyo. Watu wakaanza kutingisha vichwa. Mzee wake, yaani mumewe, ndiye peke yake aliuliza swali. Huyo mzee alikuwa mpakuaji wa magunia kwa godauni, mtu mkubwa kama mlango wa kanisa, na maneno machache hivi kwamba akisema "ndiyo" mara mbili kwa siku anaomba maji.

"Na tukitaka pesa yetu haraka?" akauliza.

"Mulamwa," nikamwambia, maana sisi mtu tukimpenda tunamwita shemeji hata kama hatujaoleana, "kwani wewe unapanga kufa lini?"

Watu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka, mabega yakapanda na kushuka. Pesa ya matanga yote ikaenda kwa transfoma, na tukaacha kuchanga tukingoja faida. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja, na kikundi chetu hakikuwa na karatasi yoyote ya serikali, kwa hivyo mwenyekiti akaandika jina langu. Alisema anayejua tumbo la kampuni ndiye ashike cheti.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wakubwa. Nilipata barua ya kuitwa kwa mkutano wa wenye kampuni, huko mjini, kwa hoteli. Nilivaa koti la mwenyekiti, ambalo lilikuwa linanifika magotini, na nikaketi na watu wa aina zote, wengine wa tai, wengine wa gambuti kutoka shambani. Wazungu na Wahindi na Waafrika walisimama mbele wakasoma hesabu mpaka nikasinzia. Halafu wakatupa kila mtu kuku na mwavuli wenye jina la kampuni. Hapo ndipo nilielewa kwa nini wengi walikuja.

Kuku nilimfikisha Mowlem vile nilivyopewa, sikuonja, Mungu ni shahidi. Mapaja mawili kwa watu kumi na wanne. Mwenyekiti aliyakata na wembe. Kipande changu kilikuwa kidogo hadi nilikitafuna kwa imani tu. Lakini mwavuli ulileta shida, maana mwavuli haukatiki. Tulikaa mkutano mzima tukibishana, mwisho tukaamua uzunguke. Kila mwanachama wiki moja, kuanzia Jumapili mpaka Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe. Hiyo ndiyo ilikuwa faida yetu ya kweli. Ile nyingine iliyokuja kwa posta, mwenyekiti aliisoma mara mbili akasema heri wangetutumia pesa ya stempu.

Basi mambo yakaanza kugeuka, na mimi ndiye ningepaswa kuona, lakini sikuona. Bandari ilifunguliwa, vitu vya nje vikaingia kama mafuriko. Mota na transfoma za rangi nzuri, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi, bei nusu. Ndani zilikuwa na waya nyembamba ungeweza kushonea kifungo. Watu walizinunua, zikaungua, wakatuletea. Karakana yetu ilijaa mpaka mota zikawa zinangoja nje kwenye jua. Mimi nilifurahi. Nilizungusha waya asubuhi mpaka jioni, nikarudi Mowlem nikiwa nimechoka mara mbili ya kawaida, nikisema Mungu ametukumbuka na kazi.

Sikufikiria kitu kimoja kidogo. Kila transfoma mbaya iliyonipa kazi, ilikuwa ni transfoma moja nzuri ya kampuni yetu iliyokosa mnunuzi. Nilikuwa nakula kwa mkono wa kulia kitu kilichokuwa kinatoka kwenye mkono wa kushoto. Kwa gazeti bei ya hisa ilishuka, ikashuka, mpaka mwenyekiti akaacha kununua gazeti.

Ndipo mzee wa Mama Matumbo akafa. Jumatatu asubuhi, kwa godauni, gunia begani. Aliliweka chini kwanza, wenzake walisema, akalinyoosha vizuri kwa safu, akaketi juu yake, na hakuinuka tena.

Tulikutana hapo kwa ploti mchana. Mama Matumbo aliketi kwa stuli ile ile niliyokuwa nimeweka koili. Hakulia. Alikuwa ameshika jiko lake la makaa kana kwamba mtu angelichukua.

"Lazima awe kwake Jumamosi," akasema. "Mamake ni mzee, hawezi kungoja. Na hapa mochari kila siku wanaandika deni."

Hakuna aliyetaja hisa. Watu wote wakaangalia chini, halafu pole pole wakaniangalia mimi. Nikasema nitaleta hiyo pesa. Nilisema kwa sauti ya mtu ambaye anajua ataitoa wapi.

Jumatatu hiyo hiyo nilitoa cheti chini ya godoro nikaenda mjini kwa ofisi ya watu wanaouza hisa. Ngazi zilikuwa nyingi, nilipofika juu nilikuwa nimesahau jina langu, nikalisoma kwa cheti. Kulikuwa na mama kijana kwa kaunta, mpole, kucha zimepakwa rangi.

"Baba, unaweza kuuza," akaniambia. "Unasaini hapa, karatasi zinaenda, zinarudi. Ni wiki kadhaa."

"Maiti haina wiki kadhaa, mama."

Aliangalia cheti tena, akaangalia ubao uliokuwa ukutani nyuma yake, akanirudia. "Pole sana. Na hii kampuni kwa sasa hakuna anayenunua."

"Hakuna hata mtu mmoja?"

"Leo hakuna. Wiki iliyopita hakukuwa."

"Lakini ni kampuni nzuri. Mimi nimeifungua ndani. Nimeona waya yake."

"Naamini, baba," akasema. "Lakini hapa tunaona bei tu."

Nikashuka ngazi. Nilisimama chini kwa barabara nikasikia ule utani wangu wa ile Jumapili, kwani wewe unapanga kufa lini. Swali la mulamwa lilikuwa swali la pekee lenye akili mkutano mzima, na mimi ndiye niliyelifanya mchezo.

Sasa mtu mwenye akili angeenda nyumbani. Mimi nikaenda kwa kampuni yenyewe. Nilifikiri, hii ni mali yetu, wacha wao wenyewe wainunue, au watupe kipande chetu tukibebe. Nilitembea mpaka Industrial Area, nikampa askari wa lango cheti.

Akakisoma, akanirudishia. "Wewe ni mwenye kampuni wa tatu mwezi huu," akasema. "Wa Ijumaa alitaka tumpe kiti cha ofisi."

"Mlimpa?"

"Tulimpa maji."

Nikamuambia shida yangu, si kwa kubembeleza, nilikuwa nimechoka hata kubembeleza. Akaenda ndani akarudi na nyapara wa sehemu ya kuwaindi, mzee wa mvi niliyemjua kwa sura, maana karakana yetu ilikuwa inanunua vanishi kwao. Nyuma yake, kupitia lango, niliona yadi. Transfoma zimepangwa safu kwa safu, mpya, nzito, majani yameota katikati. Hakuna hata moja iliyotiwa maji. Nilitamani Mama Matumbo angeziona, halafu nikatamani asizione.

"Hisa siwezi kukusaidia," nyapara akasema. "Hata zangu ziko pale pale. Lakini mwezi uliopita tuliachisha mafundi, na leo kiwanda cha majani chai kimeleta transfoma yao imeungua, wanaitaka Alhamisi jioni. Koili tatu. Unaweza?"

"Malipo?"

"Ya kibarua. Ukimaliza, mkononi."

Jumanne alfajiri nilirudi. Kwa lango kulikuwa na kitabu, unaandikiwa jina na sababu ya kuja. Askari akaandika jina langu, akauliza sababu, nikamuambia kibarua.

"Jana ulikuwa mwenye kampuni," akasema. "Umeshushwa cheo?"

"Mambo ni magumu, bwana. Hata sisi wakubwa tunapunguzwa."

Kwa karakana yetu nilikuwa nimetuma neno kwamba nimefiwa, na haikuwa uongo. Nikaanza kuzungusha. Waya ya transfoma si ya mota. Ni nene, inapigana. Unazungusha mashine na mkono mmoja, mkono mwingine unaielekeza ikae, na mguu unabana, na mdomo unahesabu. Jumanne nilimaliza koili ya kwanza. Mgongo ulikuwa unaongea lugha tatu. Nilifika Mowlem mama watoto akanivua viatu kama mtoto.

Jumatano, koili ya pili ilikuwa karibu kufika mwisho, nikamuona mulamwa kwa kichwa, akiketi juu ya gunia lake, na hesabu ikaniponyoka. Nilisimama na mkono hewani. Ilikuwa raundi ya ngapi? Sikujua. Ningekadiria tu. Nyapara alikuwa upande mwingine, na wale wa majani chai hawangejua kitu mpaka miezi ipite. Nilikuwa nimechoka hivi kwamba nikikodoa macho naona mashine mbili, na zote mbili zinaniambia kadiria.

Nikaifungua yote. Kila raundi niliyoweka nikaitoa, na kuitoa ni kazi kama kuiweka. Wakati naitoa nilikuwa namtukana kila mtu, redio, bandari, mwenyekiti na fomu yake, mimi mwenyewe. Lakini hii ilikuwa ndiyo pesa ya sanduku la yule mzee, na mke wake ndiye aliyepima shaba akasema haijatiwa maji. Nikaanza tena, moja, mbili, tatu, kwa sauti, mpaka nyapara akaja kuona ni nani anafundisha chekechea.

Alhamisi mchana walipima. Nyapara aliweka mkono juu ya koili ya pili, akaipapasa hivi, akaniangalia. Akanilipa mkononi. Haikutosha yote, lakini mwenyekiti alikuwa ameuza lile koti, na godauni wakatoa mchango, na wale wengine wakatafuta wanapojua wao. Mulamwa aliondoka mochari Ijumaa asubuhi kwa gari zuri, sanduku zuri, vile alivyokuwa amelipia miaka yote hiyo.

Jumamosi ndiyo siku ninayotaka kuieleza na sina la kueleza, kwa sababu sikuiona. Nilifika kwa boma yake na watu wengine. Walituonyesha pa kuketi, viti vya mbele ni vya jamaa na wa kanisa, mimi nikaenda nyuma ya ghala la mahindi, nikaegemea ukuta, nikiwaza nipumzike kidogo mpaka pasta aanze. Hapo nililala. Nililala kwa nyimbo, nikalala kwa mahubiri, kwa hotuba za watu wa godauni. Wamezika mtu niliyempenda mimi nikiwa hatua ishirini, na nikalala kama mimi ndiye nazikwa.

Niliamshwa na baridi kwa miguu. Mvua ilikuwa inanyesha ya nguvu, miguu yangu imelowa mpaka magotini, lakini kutoka kiuno kwenda juu nilikuwa mkavu. Mwavuli wa kampuni ulikuwa umesimamishwa juu yangu, umebanwa kwa ukuta wa ghala na jiwe. Mama Matumbo alikuwa ameketi kando yangu chini ya ukingo wa ghala, kitambaa cha kichwa kimelowa, sahani ya ugali na nyama kwa mapaja.

"Kula, fundi," akasema.

"Wamemshusha?"

"Zamani. Vizuri. Ulikoroma kidogo wakati wa maombi, watu wakafikiri ni ng'ombe."

Nikashika sahani. Vidole vilikuwa vinazunguka vyenyewe, ilibidi niingoje mikono itulie. "Chukua mwavuli, mama. Unalowa."

"Ni wiki yangu," akasema. "Nitauweka penye nataka."

Mbele watu walikuwa wanakimbia na viti vya kanisa, na kaburi lilikuwa hapo, udongo mwekundu umeshaanza kuteremka na maji.

"Mulamwa aliuliza swali la maana ile siku," nikamuambia.

"Aliuliza," akasema. "Na ulimjibu vibaya."

"Nilimjibu vibaya."

"Basi kula," akasema. "Inapoa."